Bahari Sebuleni kwa Haji Duale

Awil hakuwa mwizi. Hilo tukubaliane mapema, maana mwenyewe alikuwa akiliapia hadharani, mkono kifuani, kila alipopata wa kumsikiliza. Mwizi huchukua mali ya mtu bila mwenyewe kujua. Awil alichukua mwenyewe akijua, akishukuru, na mara nyingi akimwongeza sukari kwenye chai.

Siku hiyo, mwaka mmoja hivi kabla ya zile mvua kubwa zilizoitenga Garissa na dunia, alikuwa amekaa hotelini kwa Nunow, jirani na soko la mifugo. Mbele yake palikuwa na chai ya mkopo, na moyoni mwake palikuwa na mzigo. Mzigo wenyewe alitwishwa na mzee Bare wa Bura. Awil alimtaka Fosia, binti wa Bare. Fosia alimtaka Awil. Mzee Bare yeye alitaka ngamia: ngamia wa maziwa, aliyefungwa kwenye boma lake kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama. La sivyo, kulikuwa na mfanyabiashara mmoja wa Bute, mwenye lori na jino la dhahabu, ambaye alishaanza kutuma salamu.

Na ngamia Awil hakuwa naye. Alikuwa Msomali wa Mombasa, mzaliwa wa mitaa ya kokoto na lami. Ngamia alimjua kama watu wengi wanavyomjua mkuu wa wilaya, yaani kwa mbali, na bila hamu ya kukaribiana. Kisomali chake kilitosha kusalimia na kuomba maji, ndiyo sababu watu wa Garissa walimhurumia wakasema naye Kiswahili.

Ndipo akaingia Haji Duale, tajiri wa mifugo, na binti yake Nasteha aliyevaa sare ya shule. Haji alikuja kunywa chai. Nasteha alikwenda moja kwa moja ukutani, penye kalenda ya duka fulani la vipuri la Mombasa, akabandika pua juu ya picha yake: matumbawe chini ya bahari, na samaki wa kila rangi wakipita katikati.

"Aabo, hawa ni samaki kweli?" alimuuliza babake kwa Kiswahili cha shule.

"Samaki hiyo. Kunywa maziwa, saa ya shule nabita," alijibu Haji, ambaye Kiswahili chake hakikuwa na p wala v.

"Nawataka."

"Nitaambia Nunow akubatie kalenda."

"Sitaki kalenda, Aabo. Nawataka wenyewe."

Haji Duale alikuwa mtu ambaye madalali wa soko zima walikuwa hawajawahi kumpunja hata kwato. Lakini Mungu alimpa wavulana watano, kisha akampa Nasteha, na mbele ya Nasteha alikuwa samli juani. Alikuna ndevu zake zilizotiwa hina, akaiangalia ile kalenda kwa unyonge.

Awil akaweka kikombe chini taratibu. Kuna watu husikia harufu ya mvua ikiwa bado Wajir. Yeye alisikia harufu ya ngamia.

"Haji," alisema, akijongeza kiti, "mtoto ana jicho. Hao samaki nimewalea mimi mwenyewe kwa mikono hii."

Na hapo hakusema uongo, jambo lililomshangaza hata yeye. Kwa miaka miwili alifanya kazi katika ua mmoja huko Mombasa ambapo samaki hai wa baharini walitiwa kwenye mifuko ya plastiki wakasafirishwa Ulaya kwa ndege, wakapambe sebule za watu. Aliacha kazi tajiri alipogundua kwamba samaki mmoja ameuzwa kwa wateja watatu, na wote wana risiti.

"Samaki si chakula ya mtu," Haji akakata kauli.

"Si wa kula, Haji. Ni wa kutazama. Unaweka tangi la kioo sebuleni, unatia bahari ndani, unatazama."

"Hukamui?"

"Hukamui."

"Huchinji, huuzi?"

"Unatazama tu. Moyo unatulia."

Haji alimkodolea macho, kama mtu aliyeambiwa kuna nchi ambako watu hufuga moshi. Kisha akamtazama binti yake, ambaye alikuwa hajaondoa pua ukutani, na mjadala ukaishia hapo. Bei ilikuwa mbuzi, na walikuwa wengi kiasi.

Awil alirudi kutoka pwani juu ya lori, katikati ya msafara wa magari uliolindwa na askari, amekumbatia tangi la kioo kama mtu aliyebeba mgonjwa. Nyuma yake kulikuwa na mitungi ya mafuta ya kupikia iliyojaa maji ya bahari. Watu wa mtaa walijaa mlangoni kwa Haji Duale kushuhudia mtu akiingiza maji ya chumvi nyumbani, ilhali wengine wao walikuwa wamehama Wajir wakiyakimbia yale ya visima vya huko.

Nasteha alikataa kukaa pembeni. Aliuosha mchanga mweupe maji saba mpaka yakawa safi, akayapanga mawe ya matumbawe, akayapangua, akayapanga tena ili "mdogo apate mahali pa kujificha." Alichovya kipimo cha chumvi, cha kioo, kinachoelea, akakisoma mwenyewe: kikipanda, chumvi imezidi, na kikizama, imepungua. Walipowasha pampu na mapovu ya kwanza yakapanda, msichana akakamata mkono wa Awil bila kujua ameukamata. Samaki wa rangi ya machungwa mwenye mistari myeupe alitoka kwenye mfuko, akazunguka jiwe, akarudi kuwatazama.

"Huyu ni Shurie," alisema Nasteha. "Anafanana na shangazi ya mama. Uso wa hasira."

Awil alicheka, na moyo wake ukafurahi kweli kweli. Kwa muda wa kumaliza glasi ya chai alisahau kabisa kwamba alikuja kuiba. Kisha akakumbuka, akajikohoza.

"Sasa, Haji, samaki peke yake si bahari. Hii pampu ni ndogo. Pampu kubwa inauzwa peke yake."

"Bambu kubwa," alisema Haji, na mbuzi mwingine akaondoka.

Wiki iliyofuata taa ya matumbawe nayo ikawa inauzwa peke yake. Kisha betri ya gari, kwa ajili ya usiku ambao jenereta ya mji ilikuwa ikikata umeme na Nasteha akakesha anapuliza hewa kwa pampu ya baiskeli. Lakini mbuzi wanono zaidi walitoka kwenye maji.

"Jua la Garissa ni kali, mama," Awil alimwambia Nasteha kwa sauti ya daktari. "Maji ya bahari hupungua. Yakipungua, ongeza maji ya bahari. Mimi nitakuwa naleta."

Hapo ndipo palikuwa na ufundi. Jua hunywa maji na kuacha chumvi. Ukiongeza maji ya chumvi juu ya chumvi iliyobaki, baada ya siku chache samaki analala ubavu anahema. Awil alijua hilo vizuri mno. Samaki akilala ubavu, alikuwa akitikisa kichwa, akimwopoa kwa kikombe; wa kwanza alikuwa Shurie.

"Huyu ni wa hospitali. Iko Malindi, ya samaki watupu. Lakini nimekuletea mwingine badala yake. Ongezeni kidogo tu."

Hospitali ya Malindi ilikuwa karai chini ya kitanda chake, nyuma ya duka la mikeka. Ndani ya karai mgonjwa alipata maji mazuri akapona. Alipopona aliuzwa kwa Nunow, ambaye hakuweza kuvumilia hoteli yake izidiwe na sebule ya mtu, akatoa mbuzi zake, akapata tangi lake, tena kubwa zaidi. Samaki wa Nunow nao waliugua. Wakaenda Malindi chini ya kitanda, wakatokea kwa Haji. Samaki walikuwa tisa mji mzima, na walikuwa wameuzwa mara nyingi kuliko ng'ombe wa soko la Jumatano. Awil, kwa haki zote, alijiona ameivumbua bahari upya.

Fosia peke yake hakufurahi. "Mbuzi, mbuzi," alimwambia siku alipokuja mjini kuuza samli. "Awil, babangu anauliza ngamia. Yule wa Bute jana ameleta sukari gunia nzima. Wallahi mimi sitaki kwenda Bute. Na nikienda, sitakusamehe."

Awil akaanza kuhesabu siku. Mwezi ulikuwa unakaribia kuandama, na mbuzi hawageuki ngamia kwa dua.

Kisha likatokea jambo la ajabu: samaki wa Nasteha wakaacha kuugua. Awil alikuja na kikombe chake cha kuopolea, akakuta wanaogelea kwa raha, tangi limefunikwa gunia bichi ili maji yasichemke, na Nasteha akisoma kipimo.

"Adeer," msichana aliuliza, akimwita kama ami yake, bila kuinua macho, "Shurie bado yuko hospitali?"

"Bado. Anaendelea vizuri."

"Kuna samaki hotelini kwa Nunow. Ana mstari mweupe umekatika hapa karibu na shavu, na pezi lina pengo. Kama Shurie."

Awil akacheka, akampigapiga kichwani. "Mama, samaki wote wana sura moja. Mungu aliwaumba hivyo."

Nasteha akainua macho. Alimtazama kwa muda, kwa huruma kubwa, kama mtu anavyomtazama mgeni aliyesema mbuzi wote wana sura moja mbele ya watu wanaomtambua mbuzi wao gizani, wakakutajia na mama yake na nyanya yake. Lakini Awil alikuwa anahesabu siku za mwezi, na huruma ile ikampita.

Jioni hiyo hiyo akamwendea Haji na hotuba yake ya mwisho. Alimwambia samaki wamekua na tangi limewabana. Akamwambia sasa ndio wakati wa bahari kubwa, bahari ya watu wazima, yenye matumbawe yanayoota na kuzaana yenyewe. Alipofika kwenye kuzaana, Haji alikaa sawa.

"Hiyo jiwe nazaa?"

"Inazaa, Haji. Kila mwaka."

"Fizuri. Wewe nataka nini?"

Awil akajongea karibu. "Ngamia wa maziwa."

Alitarajia kelele, viapo, pengine bakora. Haji alichezea ndevu zake, akamtupia jicho binti yake aliyekuwa anakunja gunia, kisha akasema jambo moja tu. "Kwanza bahari isimame. Halafu tutabatana sokoni, mbele ya watu."

Basi bahari ikasimama. Tangi kubwa alilipata kwa urahisi, maana alikwenda kwa Nunow na uso wa msiba, akasema kioo kina ugonjwa na lazima kifanyiwe matengenezo, akalibeba pamoja na samaki wake wote. Matumbawe aliyafuata pwani. Maji hakuhitaji kuyafuata, kwa sababu Nasteha alimwonyesha mitungi aliyomletea zamani, imepangwa nyuma ya nyumba, imejaa bado. Awil alishangaa kidogo, lakini mtu aliyefurahi haulizi maswali. Walifanya kazi pamoja mchana mzima, yeye na mtoto, mikono ndani ya maji mpaka kwenye viwiko. Samaki wa rangi ya machungwa mwenye pengo kwenye pezi alipoingia, Nasteha alisogeza uso kwenye kioo akamnong'oneza kitu kwa Kisomali. Awil hakukielewa.

Asubuhi ya soko Haji Duale alimleta ngamia. Alikuwa jike mwekundu, mrefu, kiwele kimejaa, hata Awil aliweza kuona huyu ni ngamia wa kuhesabiwa. Wazee watatu waliitwa kushuhudia, kama ilivyo desturi, na madalali wakasogea. Nunow naye alikuwapo, amekunja mikono.

"Awil," alisema Haji kwa sauti ya kusikika, "wewe umesema ngamia ya maziwa."

"Ngamia wa maziwa, Haji."

"Ndiyo hii. Unataka hii beke yake?"

"Huyu peke yake."

"Hakuna kitu ingine unadai?"

"Haji, mimi si mtu wa tamaa."

Mzee mmoja alifungua kinywa, akatazamwa na Haji, akakifunga. Dalali mmoja alishikwa na kikohozi kirefu akaenda kukimalizia nyuma ya lori. "Mashahidi mmesikia?" aliuliza Haji. Mashahidi walikuwa wamesikia vizuri sana. Awil alipokea kamba kwa mikono miwili, akamlipa mchungaji mmoja ampeleke ngamia Bura, na yeye akatangulia kwa lori, anaimba.

Mzee Bare alimkagua ngamia kwa ustadi, meno, kwato, alama ya moto shavuni, kiwele. Uso wake ulizidi kung'aa. Fosia alikuwa amesimama mlangoni, amejifunika shela mpaka puani, lakini macho yake yalitosha. Kisha mzee Bare akachungulia nyuma ya ngamia, akatazama barabara aliyokuja nayo, akamgeukia Awil.

"Ndama iko wapi?"

"Ndama?"

"Ndama yake."

Awil hakuwahi kufikiri kwamba maziwa yana mwanzo. Kwake yeye ngamia wa maziwa alikuwa kama bomba la maji, unafungua, yanatoka. "Ndama yuko njiani," alisema, maana ulimi wake haujawahi kumwacha peke yake.

Jioni wakajaribu kumkamua. Ngamia hakutoa tone. Hamwoni ndama wake, hamnusi, basi maziwa ameyafunga, wala halikuwapo la kumlaumu. Alielekeza shingo upande wa Garissa akalia kilio cha kuwakosesha usingizi wafu. Alfajiri kamba ilikutwa imekatika, na nyayo zinarudi zilikotoka.

"Kijana," alisema mzee Bare, "wewe umeleta mimi nusu ya ngamia. Mwezi ikionekana na ngamia haiko hapa nakamuliwa, Fosia nakwenda Bute. Mimi nimetoa neno."

Fosia alivua viatu vya Mombasa ambavyo Awil alimzawadia, akaviweka kwenye kizingiti cha mlango, akaingia ndani. Awil alivitazama vile viatu, kisha akaanza kuzifuata zile nyayo.

Alifika kwa Haji Duale vumbi limemjaa kope. Uani alimkuta ngamia wake mwekundu, ametulia kama bibi harusi, na ndama wa rangi ile ile amejipenyeza chini yake ananyonya. Haji alikuwa amekaa kwenye mkeka na wale mashahidi watatu. Nunow alikuwa anamimina chai. Nasteha alikaa katikati yao na kile kipimo cha chumvi mapajani.

"Karibu, kijana," alisema Haji. "Ngamia yako iko salama. Imekuja hosbitali."

"Anaendelea vizuri," aliongeza Nasteha kwa sauti ya daktari.

Awil akaketi bila kukaribishwa. Mjinga akierevuka, mwerevu yupo mashakani, na hapa walioerevuka walikuwa wamejaa mkeka mzima.

"Haji, ungeniambia kuna ndama."

"Mimi niliuliza wewe mara mbili. Mashahidi naseme."

Mashahidi wakasema. Awil aliulizwa akajibu, na hakuwa mtu wa tamaa.

"Adeer," alisema Nasteha, "ngamia peke yake si maziwa. Ndama anauzwa peke yake."

Nunow aliweka birika chini, akacheka mpaka machozi. Awil alimtazama yule mtoto. Alijiona anapaswa kukasirika, lakini alichokisikia ndani yake kilikuwa aibu, na nyuma ya aibu, kitu kama fahari ya mwalimu.

"Ulijua lini?"

"Shurie nilimjua siku ile ile alipofika hotelini. Nilikuwa nimetumwa sukari. Nikarudi nikamwambia Aabo, akasema tuvumilie. Habari ya maji aliniambia ayeeyo, nyanya yangu. Yeye ni wa Wajir. Anasema kisima kikinywewa na jua, chumvi haiendi popote. Nikaacha maji yako, nikawa naongeza ya mto, nayachuja, nayachemsha. Hawajaugua tena." Akamtazama usoni. "Wewe ulijua, adeer. Uliwaona wanahema, na ulijua."

Hilo lilimpata Awil mahali ambapo bakora isingefika. Aliinamisha kichwa. "Nilijua," alisema, na yalikuwa maneno mafupi kuliko yote aliyowahi kuyatamka mjini Garissa.

Hapo Haji akataja bei ya ndama. Bahari kubwa na samaki wote tisa wanabaki kwa Nasteha. Nunow atajengewa tangi jipya na samaki wake mwenyewe, waliotoka baharini moja kwa moja bila kupitia Malindi ya chini ya kitanda. Na kila mwezi, mpaka Nasteha amalize darasa la nane, Awil ataleta maji ya bahari ya kubadilishia, bila mbuzi hata mmoja. Wazee walilipima jambo, wakaona ni haki. Awil alimfikiria Fosia, akafikiria vile viatu kizingitini, akakubali. Wakasoma Fatiha.

Jioni ile ile ndama alitolewa uani, na mama yake akamfuata bila kuvutwa, bila kulia, kana kwamba Bura ndiko alikotaka kwenda siku zote. Awil alishika kamba kwa mkono wake mwenyewe, mara hii bila mchungaji. Ngamia anaye, ndama anaye, mwezi haujaandama.

Alipofika mlangoni Nasteha alikuja mbio, ndala mkononi.

"Adeer, ngoja! Umesahau kuuliza."

"Kuuliza nini, mama?"

"Ndama bado mdogo. Akikosa chumvi ya kulamba anadhoofu, na akidhoofu mama yake anarudi hapa." Alimwonyesha gunia lililoegemezwa ukutani, limeshonwa vizuri. Kisha akatikisa kichwa kwa huruma, kama alivyofundishwa. "Jua la Bura ni kali, adeer. Chumvi inauzwa peke yake."